Peni Iliyopotea: Mwongozo Kamili wa Kuokota Mawazo Katika Kazi na Maisha ya Kila Siku

Nina duka dogo la steshenari Ngamiani, Tanga. Natoa kopi, nachapa barua, naprinti fomu, napiga picha za pasipoti, nauza madaftari. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba mawazo mazuri yako kwa watu wengine: waliosoma zaidi, waliosafiri, wenye mtaji. Siku moja mama mtu mzima akasimama kaunta akaniambia, "Mwanangu, niazime peni." Nikapapasa mezani, peni haipo. Imeshaondoka na mtu. Usiku, nilipokuwa napiga hesabu za siku, nikaandika pembeni mwa ukurasa: "Peni imepotea tena. Ya tatu wiki hii."

Asubuhi lile neno "tena" likanikaa kooni. Nikachukua karatasi, kila mtu akiomba peni napiga kijistari. Jumamosi nikahesabu: 41. Watu wote hao walikuja kwangu kutafuta kitu ambacho sikuwa nacho, nacho ni mahali pa kuandikia. Walikuwa wanajaza fomu wamesimama, wengine wameegemeza karatasi ukutani, wengine gotini. Nikaweka meza nyembamba kando ya mlango, benchi, peni mbili zilizofungwa kwa kamba ya katani, gundi na stepla. Haukupita muda wazee wakaanza kuniita pale mezani: "Hebu nisomee, hapa wanataka nini?" Leo kujaza fomu ni huduma yenye bei yake dukani kwangu, na ndiyo inayolipa pango.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu, nami nauandika hapa kwa ajili ya fundi, mwalimu, muuguzi, mama lishe, karani, dereva, na kwa mtu anayeandika au kubuni ambaye kichwa kimemkauka. Hauhitaji kipaji. Unahitaji daftari, wiki chache za uvumilivu, na moyo wa kukubali kwamba anayejua jibu huenda ni yule aliyesimama mbele yako kwenye foleni.

Hatua ya kwanza: chagua mahali pamoja

Usianze kwa kutaka kuona kila kitu. Utachoka siku ya pili. Chagua sehemu moja unayokaa angalau nusu saa kila siku: foleni ya maji, kituo cha daladala, meza ya mapokezi, jiko, chumba cha walimu, benchi la nje ya wodi. Kaa nayo wiki mbili.

Siku tatu za mwanzo hutaona kitu, kwa sababu macho yameshazoea na yanapita tu. Vumilia. Siku ya nne au ya tano vitu vinaanza kujitenga. Kinachonisaidia mimi ni kutazama mikono kuliko nyuso. Uso wa mtu unaweza kukuambia hajambo na mkono wake unakunja risiti mara ya sita. Mikono ndiyo inayoonyesha mtu anahangaika na nini: anatafuta pa kuweka mzigo, anafungua kitu kwa meno, anashika karatasi mbili na simu kwa wakati mmoja.

Tazama pia kinachorudi. Mama lishe anazijua sahani zinazotoka, kwa sababu amezipakua mwenyewe. Akianza kutazama zinazorudi, kwamba wali umeisha na maharage yamebaki, au kwamba kila sahani imebakiza mboga upande mmoja, ameshapata jambo la kufanyia kazi kabla ya kesho. Mwalimu afanye vivyo hivyo na madaftari: swali ambalo darasa zima limelikosa kwa namna moja linasema zaidi juu ya somo lake kuliko juu ya watoto.

Hatua ya pili: daftari, na namna ya kuandika

Nunua notibuku ndogo inayoingia mfuko wa shati au mkoba, pamoja na peni. Nyumbani weka kaunta buku ya kwaya mbili, kazi yake nitaieleza baadaye. Mtu ataniuliza, kwa nini nisitumie simu? Tumia ukitaka, ila mimi nikifungua simu kuandika neno moja nakuta ujumbe kumi wa magrupu, na nikitoka huko wazo halipo. Ukiwa umebanwa ndani ya daladala, jirekodi sauti ya sekunde kumi, jioni uinakili.

Andika siku, saa, mahali, ulichokiona, na maneno ya mtu kama yalivyotoka kinywani mwake. Hebu nikuonyeshe ukurasa mmoja:

"Jumanne, saa nne asubuhi. Baba, kofia ya kiua, mkongojo. Kopi ya kitambulisho, mbele na nyuma. Anataka pande zote zikae kwenye karatasi moja. Akasema: 'Juzi wamenirudisha, wanasema ziwe ukurasa mmoja, mimi nitajuaje?' Ni wa pili leo."

Sasa linganisha na hii niliyoiandika zamani: "Wateja wanapenda huduma bora." Hii ya pili huwezi kuifanyia chochote. Haina mtu, haina saa, haina kitendo. Ile ya kwanza, hata ukiisoma baada ya mwaka, unamwona yule baba, unausikia uchovu wake, na unajua la kufanya: kila anayekuja na kitambulisho, muulize kwanza anakipeleka wapi.

Maoni yako yaache kwanza. "Mteja mkorofi" ni hukumu. "Amerudisha kopi mara mbili, akanyoosha kidole pembeni palipokatika" ni tukio, nalo huenda likakuonyesha kwamba mashine ndiyo yenye kosa.

Andika matatu kwa siku, inatosha. Lakini yaandike kabla ya kulala. Nimejaribu kuyaacha mpaka asubuhi, na asubuhi nimekuta yamebaki maganda tu: najua kulikuwa na kitu, sijui ni kitu gani.

Jambo moja nalisisitiza. Kwenye mashine yangu zinapita barua za talaka, majibu ya hospitali, mikataba ya viwanja vya watu. Hayo siyaandiki. Daftari langu halina jina la mtu, wala namba ya simu, wala ugonjwa wa mtu. Kama kazi yako inakukutanisha na siri za watu, andika kinachohusu kazi (foleni, fomu, kiti, swali linalojirudia) na ya mtu muachie mwenyewe. Mtaa ukijua unaandika habari zao, hutaambiwa neno tena, na watakuwa na haki.

Hatua ya tatu: jua cha kuokota

Marudio ni rahisi kuyaona, kama ile peni. Swali likiulizwa mara tatu kwa wiki, liandike.

Kingine ni zile mbinu ambazo watu wamejitungia wenyewe. Tofali chini ya mguu wa meza. Njia ya mkato iliyochimbika kwenye nyasi wakati barabara ya saruji iko pembeni. Fundi cherehani aliyegonga msumari mahali fulani ili kupimia upindo bila kushika futi. Kila mbinu ya namna hiyo ni ombi ambalo halikusemwa kwa mdomo. Huduma ya M-Pesa ilianza hivyo. Majaribio yake ya mwaka 2005 nchini Kenya yalilenga watu walipie mikopo midogo kwa simu, lakini wale waliopewa kujaribu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao. Waliokuwa wakiendesha majaribio wakaliona hilo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 kazi yake kubwa ilikuwa ni kumwezesha mtu kutuma hela nyumbani.

Malalamiko nayo yana mali ndani yake, ukiyasikiliza bila kujitetea. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira wa Kenya, aliwasikia wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba kuni ziko mbali, maji safi hakuna, chakula hakitoshi. Ukiyasikia moja moja ni manung'uniko matatu. Yeye aliyaweka pamoja akaona mti katikati yake, na mwaka 1977 kazi ya kupanda miti ikaanza.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ninalolipenda: jambo lisilokaa sawa. Umeambiwa iwe hivi, wewe umeona vile. Watu wengi hapo hujilaumu, husema labda sikuona vizuri, wakaendelea na safari.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto milimani, mkoa huu huu wetu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombania. Mpemba alipoona mwenzake anaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha, na nafasi inakwisha, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu wakaenda kutazama. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado mazito tu, hayajashika.

Akamuuliza mwalimu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, naye rafiki akamwambia kwamba yeye huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande haraka. Kila nikifika hapo kwenye kisa hiki huwa nasita. Muuza aiskrimu alikuwa anajua! Elimu ile ilikuwepo mjini kwetu, mikononi mwa mtu anayetafuta riziki, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, kuendelea na masomo, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likaigeuza kejeli: akikosea hesabu, ni hesabu za Mpemba. Yeye akachukua vyombo viwili vya maabara, kimoja cha maji ya bomba na kimoja cha maji yaliyochemka, akaviweka kwenye friza ajionee. Ndipo Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, alipotembelea shule, na Mpemba akamuuliza mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne akaahidi kujaribu. Aliporudi chuoni akampa kazi hiyo fundi wa maabara, naye akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Wakarudia, jibu likawa lile lile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na jambo hilo likabaki na jina lake: athari ya Mpemba. Wanasayansi mpaka leo wanabishana juu ya chanzo chake, na wapo wasiokubali kwamba linatokea.

Nakuomba ukisome kisa hiki kama utaratibu wa kazi. Aliona. Hakukubali kusahau. Akasikia kwa mwenye kazi yake. Akajaribu kwa vyombo viwili tu. Akauliza tena hata baada ya kuchekwa. Kwenye daftari langu jambo lisilokaa sawa nalizungushia duara, na duara halifutwi mpaka nipate jibu, hata likikaa miezi.

Hatua ya nne: uliza, kisha nyamaza

Ukishaona jambo, nenda kwa mwenye jambo. Salamu kwanza, haraka baadaye. Na usimuulize mtu anataka nini, maana atakujibu kwa adabu tu ili akuridhishe. Muulize alichofanya mara ya mwisho.

Bibi mmoja aliniletea fomu zimekunjwa mara nne mpaka maandishi yamefifia kwenye mikunjo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani bibi, hizi fomu jana ulizibebaje?"

"Nimezifunga pindoni mwa kanga. Juma lililopita nilizitia kwenye kikapu, mvua ikanikuta barabarani, zikaloa zote. Nikaanza upya kwa mwenyekiti, mhuri upya, kila kitu upya."

Ningemuuliza, "Bibi, ungependa tukuuzie nini?" angesema, "Aa, mwanangu, hapa pazuri." Kwa kuuliza juu ya mikunjo nikapata mvua, kikapu, mhuri, na siku iliyopotea. Wiki ile nikanunua bahasha za plastiki zenye kifungo. Nazitundika pale pale juu ya meza ya kujazia fomu, na msimu wa masika hazikai.

Baada ya kuuliza, nyamaza. Kimya kinamfanya mtu aendelee, na mara nyingi la maana huja kwenye sentensi ya tatu. Akikusema vibaya, usijitetee. Sema "nimekuelewa", andika, mshukuru.

Hatua ya tano: siku ya kurudi nyuma

Daftari lisilosomwa ni takataka. Mimi Ijumaa jioni, duka likishafungwa, nakaa na chai ya mchaichai nasoma ya wiki nzima. Yanayostahili nayanakili kwenye ile kaunta buku, yasizidi matano. Naandika ukurasa wa kushoto tu. Wa kulia nauacha wazi, kwa ajili ya jibu, au kwa ajili ya kitu kingine kitakachokuja kukaa jirani yake.

Huo ukurasa wa kulia ndio unaoleta mengi, kwa sababu mawazo huzaliwa vitu viwili vya mbali vikikutana. Kushoto nilikuwa nimeandika kwamba vijana wanaoomba kazi wananunua kidogo kidogo: kopi za vyeti, wanaondoka, wanarudi kwa picha, wanaondoka, wanarudi kwa bahasha, na kila mara wanauliza bei. Siku nyingine nikaenda soko la Mgandini kununua nyanya. Nyanya zimepangwa mafungu. Hakuna aliyeuliza kilo wala moja bei gani. Unaona fungu, unatoa hela. Jioni nikaandika upande wa kulia neno moja: "Fungu." Sasa dukani kuna fungu la ajira, yaani kopi za vyeti, picha nne, barua iliyochapwa na bahasha kubwa, kwa bei moja iliyoandikwa ukutani. Muuza nyanya hajui kwamba ndiye aliyenifundisha. Siku moja nitamwambia.

Kama uko mwanzoni, usihangaike kulazimisha mambo yaungane. Soma tu, nakili, funga. Yanaungana wakati unapiga mswaki.

Hatua ya sita: jaribu kidogo, tena moja moja

Wazo lililokaa kwenye kaunta buku miezi mitatu bila kujaribiwa linaanza kukuogopesha. Lijaribu likiwa bado dogo. Jiwekee wiki moja, hela ambayo hata ikipotea utakula, na kitu cha kuhesabu. Badilisha jambo moja tu. Kama Mpemba angetumia friza mbili tofauti, au maji mengi huku na machache kule, asingejua kilichosababisha. Nawe ukihamisha meza, ukapunguza bei na ukabadilisha saa ya kufungua kwa wiki moja, wateja wakiongezeka hutajua umshukuru nani.

Niliwahi kufungua duka saa kumi na mbili alfajiri kwa wiki nzima, nikidhani wanafunzi watapitia wakienda shule. Wakaja wawili. Nikaandika matokeo, nikarudi kwenye saa zangu. Hilo nalo ni jibu, limenigharimu usingizi wa siku sita tu.

Kichwa kikikauka

Kitakauka. Kwanza jikague kama umelala na umekula, kwa sababu mtu mwenye njaa haoni kitu isipokuwa chakula. Kisha badili njia ya kurudi nyumbani, au fanya kwa mkono kazi uliyozoea kuifanya kwa mashine, au keti na mzee umuulize kazi yenu hii ilikuwa ikifanywaje zamani.

Ukiwa na wazo lakini unaona huna vifaa, mkumbuke Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alichukua mbao nyembamba za ujenzi na rangi za kupakia baiskeli, akachora wanyama. Mng'ao ule unaojulikana leo duniani kama mchoro wa tingatinga ulitoka kwenye kopo la rangi la dukani.

Zoezi langu mwenyewe la siku za ukame ni kanga. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na jina ni maneno ambayo mtu ameyachagua kwa makusudi ayavae mbele za watu. Siku nzima nanakili majina ya kanga zinazopita mlangoni, kisha jioni, kwa kila moja, najiuliza: haya yanamwambia nani? Jirani? Mume? Wifi? Kufika jina la tano nimeshatoka kwenye mawazo yangu na kuingia kwenye maisha ya watu, na huko hakujawahi kukauka.

Jana nimeandika: "Wanafunzi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameomba karatasi zilizoharibika upande mmoja. Mmoja amesema, 'Hata zikiwa na wino, kaka, si neno.'" Nimezungushia duara. Leo wakitoka shule saa nane nitakuwa nimekaa mlangoni, niwaulize wanazipeleka wapi.